Kuhamia vani za umeme Mwanza: maswali tunayoulizwa kila siku

Nasimamia magari ya kampuni inayosambaza mikate na maziwa hapa Mwanza. Yadi yetu iko Nyakato. Tangu tulipoanza kutoa vani za dizeli na kuingiza za umeme, simu yangu haipoi. Wanapiga wenye maduka ya jumla, wasambazaji wa soda, watu wa samaki wa Kirumba, na mzee mmoja wa Igoma ambaye hana hata gari ila anapenda kujua. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika. Soma kwanza, halafu ukipiga tuongee ya kwako tu. Sikuyapanga kwa mada. Yamefuata jinsi watu wanavyoyauliza, isipokuwa la kwanza, ambalo karibu kila mtu huliruka.

Nianzie wapi? Nimeshaona gari mtandaoni, nataka kulipia.

Usilipie. Nunua daftari, mpe kila dereva lake. Kwa mwezi mzima aandike kilometa za kwenye dashibodi akitoka na akirudi, saa ya kutoka, saa ya kurudi, mzigo mkubwa aliobeba siku hiyo, na gari lililala wapi. Hilo la mwisho lina maana kuliko linavyoonekana: gari linalolala kwa dereva Buhongwa haliwezi kuchajiwa kwenye yadi ya Nyakato.

Mwezi ukiisha usitafute wastani. Tafuta siku mbaya kuliko zote, ile gari lilipozunguka Buzuruga, Kisesa, likarudi kupakia, likaenda tena Usagara kwa sababu mteja alipigia simu bosi. Gari la umeme linunuliwe kwa kipimo cha siku hiyo.

Baada ya daftari njoo kwenye umeme wa yadi, kisha chaja, na gari liwe la mwisho. Watu hufanya kinyume kwa sababu gari ndilo lenye picha nzuri. Sisi tulifanya kinyume. Vani ya kwanza ilifika kabla waya haujavutwa, ikakaa siku kadhaa chini ya mwembe ikifunikwa na majani, na kila mgeni aliyeingia getini aliuliza kama imeshaharibika.

Kweli umeme ni nafuu kuliko dizeli, au ni maneno ya wauzaji?

Ni nafuu, na hesabu yake unaifanya mwenyewe.

Vani ndogo ya umeme yenye mzigo wa wastani hula kama uniti 25 kwa kilometa 100 (uniti moja ni kilowati-saa moja). Njiani kutoka ukutani hadi kwenye betri zinapotea kidogo kwa njia ya joto, kwa hiyo mita yako itahesabu kama uniti 28. Kwenye jedwali la bei la 2016 la EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, kundi la T1, ambalo ndilo la maduka na ofisi nyingi, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inafika kama 356. Zidisha mara 28. Unapata shilingi 10,000 kasoro kidogo. Ukitaka kukumbuka kirahisi: LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya elfu kumi, kilometa mia.

HiAce ya dizeli kwa kilometa hizohizo za mjini inakunywa lita 10 hivi. Bei elekezi ya mafuta EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na ya Mwanza huwa juu ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji. Tuseme 3,000 kwa lita, ili hesabu iwe nyepesi. Hapo ni shilingi 30,000. Tofauti ni 20,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 520,000 kwa mwezi kwa gari moja. Bei zikibadilika badilisha namba, njia ni hiyohiyo.

Hapo bado hujagusa oili, filta, mkanda, nozeli na klachi, ambavyo gari la umeme halina.

Kwa hiyo kila gari linalipa?

Hapana. Gari linalotembea kilometa 40 kwa siku linaokoa 8,000 tu, na gari la umeme ni ghali kununua. Vani ya mhasibu inayokwenda benki na kurudi iache na dizeli yake mpaka ife. Anza na ile inayotembea sana na inayojulikana inakokwenda: njia ileile kila siku, kilometa 80 hadi 110, kurudi yadi jioni. Katika daftari zetu zilikuwa mbili tu za namna hiyo kati ya magari yote, na ndizo tulizoanza nazo. Bosi alitaka tano kwa mpigo. Tulibishana wiki nzima.

LUKU tuliyonayo itatosha?

Inategemea waya, si mita yenyewe. Mwulize fundi umeme mambo mawili: una fezi moja au tatu, na breka kuu ni ya ampea ngapi.

Chaja ya kawaida ya ukutani ya fezi moja, ampea 32, inavuta kilowati 7.4. Vani tano zikichomekwa pamoja ni kilowati 37. Laini ya fezi tatu ya ampea 60 inabeba kama 41. Ukijumlisha friji, taa, kompyuta na mashine ya kukatia mikate, breka inaruka saa moja jioni na kila mtu anageuka kukutazama.

Lakini angalia vizuri. Vani tano zilizotembea kilometa 100 kila moja zinahitaji uniti 140 kwa jumla. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri una saa tisa. Gawanya: kilowati 15.6. Yaani chini ya nusu ya zile 37. Gari likishalala halina haraka. Nunua chaja zinazoweza kuwasiliana na kugawana umeme, uziwekee kikomo, tuseme kilowati 16 kwa zote. Nyingine zinasubiri, nyingine zinapungua, asubuhi zote zimejaa. Huu ndio ushauri uliotuokolea pesa nyingi kuliko mwingine wowote, maana tulikuwa tumeshaanza kuzungumzia kuomba transfoma yetu wenyewe.

Kama una fezi moja tu, omba kubadilishiwa mapema. Maombi ya TANESCO yanafanyika kwenye mfumo wa NIKONEKT, na mchoro lazima utoke kwa fundi mwenye leseni ya EWURA. Shemeji anayejua umeme hatoshi hapa.

Nimesikia kuna T1 na T2. Inanihusu?

Ukiwa na vani mbili tatu, haikuhusu. Ukifika kumi, soma.

T1 inaishia uniti 7,500 kwa mwezi. Vani kumi kwa hesabu ya hapo juu ni uniti 7,280, bila ofisi. Ukivuka unahamia T2, na kwa jedwali lilelile uniti inashuka hadi shilingi 195. Watu hufurahi hapo na kufunga daftari. Ila T2 ina malipo mengine, shilingi 15,004 kwa kila kVA (ichukulie kama kilowati) ya kilele chako cha mwezi. Kilele ni ule wakati mmoja ulipovuta umeme mwingi kuliko wakati wowote. Dereva mmoja akirudi mapema, mwingine akafuata, wote wakachomeka saa kumi na mbili jioni wakati mashine za ofisi bado zinafanya kazi, umelipia kilele hicho mwezi mzima hata kama kilidumu kidogo. Chukua zile namba za vani tano: kati ya kVA 37 na 16 kuna tofauti ya zaidi ya 315,000 kila mwezi kabla ya kodi. Ndiyo maana nasisitiza chaja za kugawana.

Kwa wa T1, bei ya mchana na usiku ni moja. Sababu ya kuchaji usiku mwingi ni nyingine. Jioni mtaa mzima unapika, unapiga pasi na kuangalia taarifa ya habari, na umeme unakuwa mdogo. Chaja ikiona volti zimeshuka sana inajizima. Kuanzia saa nne usiku mambo hutulia.

Kwani nikichomeka kwenye soketi ya kawaida ukutani kuna ubaya gani?

Kwa siku mbili tatu za dharura, sawa. Kwa kila usiku, hapana. Soketi ya pini tatu imetengenezwa kwa pasi na birika, vitu vya dakika chache. Ukiivutisha ampea 10 kwa saa kumi na mbili, mwanzoni inapata joto, kisha plastiki inakuwa ya kahawia, halafu inanuka. Na hata ukivumilia harufu, kwa ampea 10 unapata kilowati 2.3 tu. Betri ya kilowati-saa 40 itachukua zaidi ya saa 17 kujaa.

Ukilazimika, weka soketi mpya ya viwandani, ile ya bluu ya ampea 16, waya wa milimita 4 za mraba, breka yake peke yake. Waya wa kuviringisha kwenye kigurudumu, ule wa mafundi wa kuchomelea, usiuguse kabisa. Ukiwa umeviringwa unajipika wenyewe.

Chaja yangu mpya inawaka taa nyekundu, haichaji. Muuzaji anasema gari ni bovu, muuza gari anasema chaja ni mbovu.

Hili naulizwa sana, na jibu mara nyingi liko chini ya miguu yao. Ni ethi.

Chaja za magari hukagua waya wa ardhini kabla ya kuruhusu umeme. Pasi yako haijali kama ethi ipo au haipo, na nyumba nyingi hapa zina ethi ya jina tu. Chaja inajali. Ikiona ukinzani wa ardhi ni mkubwa, inakataa, na inafanya vizuri kukataa, maana gari limekaa juu ya matairi ya mpira na mtu anaweza kuligusa akiwa amesimama kwenye matope.

Sasa tuko Mwanza, jiji la mawe. Fundi anapiga fimbo ya shaba, inazama nusu mita, inagonga jabali, anaikata kwa msumeno, anafunika na udongo, anadai pesa yake. Kwetu ilikuwa hivyo hasa. Fimbo ilikuwa fupi kuliko mkono wangu, tukaja kuigundua tulipoifukua kwa ubishi. Hata inapozama, udongo wa changarawe za granaiti haushiki unyevu, na kiangazi cha Julai na Agosti ukinzani unapanda. Unaweza kuwa na chaja inayofanya kazi Aprili na kugoma Agosti, na hakuna kilichoharibika.

Dawa: usipigane na jabali. Tafuta upande wa yadi wenye udongo mzito, karibu na bomba la maji machafu au migomba, upige fimbo kadhaa zilizoachana angalau kwa urefu wa fimbo moja, uziunge kwa waya mtupu wa shaba. Pasipo na kina kabisa, chimba mtaro mrefu, laza ukanda wa shaba, jaza udongo wa mfinyanzi. Kisha apime kwa kipimo cha ethi mbele yako, aandike namba kwenye karatasi. Fundi asiye na kipimo hicho mpe chai, mshukuru, mruhusu aende.

Pia aweke kinga ya umeme unaovuja inayotambua mkondo wa moja kwa moja, kwa sababu betri ya gari inaweza kuvujisha mkondo ambao kinga ya kawaida ya nyumbani haiuoni. Chaja nyingine zinayo ndani tayari. Uliza.

Na radi?

Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na nyingi hupiga usiku juu ya maji, saa zilezile vani zako zimechomekwa. Weka kinga ya radi kwenye bodi kuu na nyingine karibu na chaja kama ziko mbali. Inaungwa kwenye ethi ileile, kwa hiyo bila ethi nzuri umenunua pambo. Chaja inagharimu mamilioni, kinga haifiki sehemu ya kumi ya hiyo.

Umeme ukikatika je? Ninunue jenereta?

Tutenganishe mambo mawili. Uzalishaji wa taifa umeongezeka sana: Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, jumla megawati 2,115, na mtambo wa mwisho uliingia 2025. Lakini bwawa halizuii mti kuangukia waya wa mtaani kwenu wakati wa dhoruba. Mkatiko wa usiku unaodumu saa tatu hauna shida yoyote, chaja inaendelea umeme ukirudi (hakikisha hilo kabla ya kununua, maana zipo zinazosubiri mtu aje abonyeze). Wa kukuumiza ni ule wa usiku kucha.

Watu wote hukimbilia jenereta. Fanya hesabu hii kwanza. Jenereta la dizeli la kawaida hutoa uniti 3 hivi kwa lita. Vani inahitaji uniti 28, yaani lita 9 na zaidi. HiAce ilikuwa ikinywa lita 10. Umezunguka kote huko ukarudi palepale, tena na kelele juu. Jenereta liwe la friji za maziwa. Halafu majenereta mengi madogo hayana nyutro iliyofungwa kwenye ardhi, kwa hiyo chaja itawasha taa nyekundu uliyoisoma hapo juu.

Tunachofanya sisi ni kutoruhusu gari lolote lilale chini ya asilimia 40. Likirudi na 55, linachajiwa. Kwa njia hiyo usiku mmoja wa giza hautusimamishi, gari linatoka na karibu nusu ya betri na kufanya mzunguko wa asubuhi, ambao ndio wenye mikate. Na tumebakiza HiAce mbili za dizeli kwenye yadi. Sioni aibu kusema hivyo.

Sola je? Jua tunalo.

Jua tunalo mchana, vani zipo barabarani mchana. Paneli za kilowati 10 hapa hutoa wastani wa uniti 40 kwa siku, ambazo zitaendesha friji na ofisi vizuri sana na kupunguza bili kwa upande huo. Kuzihifadhi kwenye betri za ukutani ili uzimimine kwenye betri za magari usiku, ni kulipia betri mara mbili. Kama magari yako yanarudi saa saba mchana, kama ya watu wa mikate, hapo mazungumzo yanabadilika: chaji saa saba hadi kumi na moja jioni moja kwa moja kutoka juani. Sisi tunaelekea huko.

Ninunue gari gani?

Nitataja yale ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyapata yenye usukani kulia.

Nissan e-NV200 ndiyo iliyozoeleka katika mitumba ya Japani na Uingereza. Ilianza 2014 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24, baadaye ikaja ya 40. Usichanganye hizi mbili, kwa nje zinafanana kama mapacha. Ya 24 iliyozeeka na kubaki na asilimia 70 ina kama kilowati-saa 16 za kweli. Toa akiba ya asilimia 20, unabaki na kilometa 50 hadi 55. Kwa njia fupi za Kirumba na Pasiansi inatosha, kwa Magu haitoshi. Ya 40 yenye afya nzuri tunaipangia kilometa 130, hata kama dashibodi inasema zaidi.

Mitsubishi Minicab MiEV ni ndogo, saizi ya Kirikuu. Ina betri ya 10.5 au 16. Kwa mwenye duka la dawa anayezunguka katikati ya jiji inafaa. Zaidi ya hapo usijidanganye.

Za Kichina mpya zipo za aina nyingi, nyingi zina betri za LFP (lithiamu, chuma na fosfeti) ambazo ni ngumu na zinavumilia. Uliza jambo moja kabla ya bei: plagi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia GB/T, ya Japani hutumia Type 1 kwa kuchaji taratibu na CHAdeMO kwa haraka, ya Ulaya hutumia Type 2 na CCS2. Ukiwa na vani tatu za plagi tatu, yadi yako itafanana na duka la adapta. Chagua moja, uing'ang'anie.

Kwa mtumba, mtume mtu apime betri, asikutumie picha za rangi. Kwa Nissan kuna programu ya simu inayoitwa LeafSpy, unaunganisha na kifaa kidogo kwenye soketi ya gereji chini ya usukani, inakuonyesha afya ya betri kwa asilimia. Muuzaji akikataa kupimiwa, umeshapata jibu. Ushuru piga kwenye kikokotoo cha TRA kwa mwaka wa gari lenyewe, maana gari likizeeka uchakavu nao unalipiwa.

Betri itakufa baada ya muda gani?

Haifi kama tochi, inapungua kama ndoo inayojaa mchanga chini. Adui wake ni joto, na hapo Mwanza tuna bahati: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, betri inapumzika. Jamaa zetu wa Dar hawana hilo. Usiiache ikae imejaa kabisa wikiendi nzima, wala ikae tupu. Kwa LFP ni tofauti kidogo, inataka ijazwe hadi mia mara kwa mara ili kompyuta yake isipoteze hesabu.

Betri inayotusumbua kweli ni ile ndogo ya volti 12, ya kawaida kabisa. Ikifa, gari zima linakuwa kabati, hata kama ile kubwa imejaa. Dereva anapiga simu akiwa na hofu kwamba ameunguza gari la mamilioni, kumbe ni betri ya dukani. Ibadilishe kabla haijachoka.

Milima yetu hii, Bugando, Isamilo, itaweza?

Inapanda kuliko dizeli. Nguvu yote ipo tangu tairi linaanza kuzunguka, hakuna kutafuta gia. Kupanda kunakula betri, kushuka kunarudisha sehemu yake, kwa sababu ukiachia mafuta (bado tunasema mafuta) mota inageuka kuwa jenereta na inashika gari kama breki. Breki zetu hazijaisha kama tulivyozoea. Jambo moja la kuwaambia madereva: betri ikiwa imejaa kabisa haina pa kuweka umeme huo, kwa hiyo ukichaji hadi mia kisha ukaanza siku kwa kuteremka, ile breki ya mota haishiki. Wengine wameshtuka.

Mvua?

Endesha. Usiingize gari kwenye maji ambayo usingeingiza HiAce. Mabatini mto Mirongo ukifurika, subiri kama watu wengine. Chaja ifungwe juu, kifuani kwa mtu.

Mimi nabeba samaki. Friji ya gari itamaliza betri?

Itaila. Mashine ya baridi ya vani ndogo huvuta kati ya kilowati 1 na 2 ikifanya kazi. Kwa saa nane ni kilowati-saa 8 hadi 16, na kwa betri ya 40 hiyo ni kilometa 32 hadi 64 umezipoteza kabla hujatembea. Kwa sangara wa kusambaza hotelini asubuhi, boksi lenye kuta nene za foamu na barafu ya kiwandani linatosha, na barafu haivuti umeme wa gari. Lipoze boksi usiku kwa umeme wa ukutani wakati gari linachaji, mlango usifunguliwe ovyo.

Kwa dagaa mkavu huna tatizo lolote isipokuwa harufu.

Geita? Musoma? Ukerewe?

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 wengi walinipigia wakiuliza Geita, kwa kuwa foleni ya kivuko haipo tena. Daraja limefupisha muda, kilometa ziko palepale, ni zaidi ya 200 kwenda na kurudi. Dizeli. Musoma dizeli. Ukerewe usiulize. Magu inawezekana kwa betri ya 40 nzima, kama kilometa 60 kwenda, lakini uwe na mteja kule mwenye soketi ya bluu na moyo mzuri. Sisi tunaye, tunamwachia mikate miwili kila tukipita.

Madereva wangu hawataki kabisa.

Wasikilize, wana sababu, na moja hawaisemi kwa sauti. Dizeli ilikuwa na kipande chake: lita moja mbili zilizobaki kwenye dumu ziliwalisha watoto wa mtu. Umeme hauingii kwenye dumu. Ukiondoa hicho bila kuweka kingine utaona magari yanaharibika kwa njia za ajabu. Sisi tulikaa nao, tukaweka posho ndogo ya wazi kwa dereva anayerudi ametumia uniti chache kwa kilometa. Namba inasomwa kwenye dashibodi mbele ya wote, hakuna ubishi. Dereva wetu mkongwe, aliyekuwa mpinzani mkuu, sasa anawafundisha wengine jinsi ya kushuka Bugando bila kugusa breki, na anawaita vijana walafi wa umeme.

Gereji ipi itanitengenezea?

Matairi, springi, mpira wa stelingi, breki: fundi wako wa kila siku. Matairi yataisha haraka kidogo kwa sababu gari ni zito. Waya wa rangi ya chungwa: hakuna mtu anayeugusa. Humo kuna volti 300 hadi 400 za mkondo wa moja kwa moja. Aliyefundishwa anatoa kwanza plagi ya usalama, anangoja dakika kumi, anavaa glovu za volti 1,000, anapima, ndipo anaanza. Tulimpeleka kijana wetu mmoja kujifunza, na tumeandika kwa rangi nyekundu ukutani kwamba magari haya hayaoshwi chini kwa mashine ya presha na mtu asiyejua anachofanya.

Bima na moto?

Kata bima kubwa, na uwaambie kwa maandishi kwamba betri iwe ndani ya bima, usidhani. Moto wa betri ni nadra, ila ukitokea unataka maji mengi kwa muda mrefu, na mtungi mdogo wa poda hausaidii. Egesha vani mbali na ukuta wa ghala, na uwaalike Zimamoto waje waone yadi kabla, wajue swichi kuu iko wapi.

Nani anachomeka usiku?

Hili halimo kwenye karatasi za wauzaji, na ndilo lililotusimamisha asubuhi moja. Madereva walichomeka wote, wakaenda nyumbani. Saa nane usiku LUKU ikaisha. Mlinzi aliona taa za chaja zimezimika, akadhani magari yameshiba, akaenda kukaa kwake. Saa kumi na moja mikate ya moto iko kwenye kreti, vani zina asilimia 30, mhasibu hapokei simu.

Sasa mlinzi ana karatasi iliyolaminishwa ukutani. Saa tatu usiku anasoma uniti zilizobaki kwenye mita. Zikiwa chini ya 150 anampigia mhasibu, na mhasibu amekubali kupokea. Saa saba anapita kila gari: kijani, endelea, nyekundu, chomoa, hesabu hadi ishirini, chomeka tena, ikikataa nipigie. Tumemwongezea mshahara kidogo. Usiku wa juzi alinipigia saa saba na dakika tano kuniambia zote ni kijani, na nilipomwuliza mbona amenipigia, akasema karatasi haikusema asinipigie.